Usiende, Msiende

Tangu asubuhi alikuwa anaogopa. Alikunywa maji, yakakataa kushuka. Alijipaka poda, akatazama kwenye kioo, akamwona mtu aliyepakwa poda na bado anaogopa. Mpaka anaingia studio na santuri zake kifuani, alikuwa ameshajisemea maneno yote ya kujipa moyo anayoyajua, na hakuna hata moja lililomfaa.

Huyu ndiye mwanamke ambaye wasikilizaji walimwita Dada Opera. Kila alasiri, wakati stesheni nyingine zinapiga muziki wa kurukaruka, yeye aliwapigia watu fidla na vinanda, na wanawake wenye pumzi ndefu wanaoimba kwa lugha ambazo hata yeye hakuzijua zote. Mkuu wa vipindi hakukipenda kipindi hicho. Alisema opera ni watu wanaopiga kelele kwa sababu wameshindwa kuongea. Lakini simu zilikuwa hazikatiki. Walipiga washonaji, wauguzi, madereva wa malori, hata mchinjaji mmoja ambaye alidai kisu chake hukata vizuri zaidi akisikia zeze kubwa. Dada Opera hakujifanya mjuzi, ndiyo maana walimpenda. Aliwaambia tu, "Huyu bibi hapa anamwambia mumewe kuwa ni mwongo, ila anamwambia kwa adabu. Sikilizeni fidla, yenyewe haina adabu." Nao watu wakasikiliza, wakasikia fidla inavyomsuta mume wa watu.

Nyumbani hakuwa Dada Opera. Nyumbani alikuwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na mama huyo hakuona sababu ya kumwita vingine hata baada ya mvi ya kwanza kumchomoza bintiye kichwani.

Na ng'ambo ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, alikaa Fundi.

Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye nyusi nene na mikono ya shati iliyokunjwa, mtu wa maneno machache mpaka wengine walidhani ana maringo. Kitinda ndiye aliyejua kuwa hana maringo, ana haya. Na alimpendea jambo ambalo mtu wa nje ya kazi ile asingeliona. Stesheni ilikuwa na mtambo mmoja mkaidi uliotegwa kusikiliza matangazo. Ukisikia kimya kimezidi, hudhani mambo yameharibika, basi hujiwashia wenyewe tangazo la biashara. Kwa muziki wa kurukaruka haukuwa na shida. Kwa opera ulikuwa balaa, maana opera hushuka, ikashuka, mpaka ibaki fidla moja inayopumua kwa mbali. Hapo ndipo Fundi aliposogea, akaweka kidole kwenye kitufe cha kuuzuia ule mtambo, akakishikilia mpaka muziki upande tena. Hakuagizwa na mtu. Hakudai hata ahsante. Wanaume wengine waliowahi kumtaka Kitinda walimletea maneno, na maneno yeye alikuwa nayo ya kutosha. Huyu alimlindia kimya.

Penzi lao lilikulia hapo, kwenye kioo. Kumtazama, kutazamwa, kuinamisha macho. Kisha chai ya pamoja kwenye korido. Kisha wakajikuta wanasindikizana hadi kituoni, kila mmoja akijifanya ndiyo njia yake.

Sasa mambo yalikuwa yamefika pabaya. Fundi alikuwa amechaguliwa kwenda kusimamia mitambo ya kurushia matangazo, juu mlimani, huko ambako mtu hushuka mara chache na ukungu huingia mpaka ndani ya nyumba. Kilikuwa cheo. Jibu lake lilitakiwa leo, kazi ikiisha. Alimwambia Kitinda habari hizo siku tatu nyuma, wakiwa wamesimama koridoni, kikombe mkononi, hamtazami usoni.

"Ukiniambia nisiende, siendi," alisema.

"Cheo utakiacha hivi hivi?"

"Nitakiacha."

"Halafu ukinilaumu baadaye?"

"Sitakulaumu. Lakini nataka nilisikie kwako. Sikusukumi, Kitinda. Neno moja tu, usiende. Usiposema, nitajua hukuweza, na nitakwenda bila kinyongo."

Neno moja. Mwanamke anayeishi kwa kusema alitakiwa aseme neno moja, na lilikuwa limemkwama kooni tangu siku hiyo.

Aliyelikwamisha alikuwa kaka yake mkubwa. Alimjia jikoni siku moja kabla ya mazungumzo hayo ya koridoni, akazungusha ufunguo wa gari kidoleni kama kawaida yake anapotaka kusema jambo zito, akashusha sauti.

"Nasikia una mtu wa mitambo."

"Umesikia wapi?"

"Usinijibu swali kwa swali. Mimi ndiye niliyempeleka mama kwa daktari wa moyo, au umesahau? Daktari kasema asishtuliwe. Umenisikia? Asishtuliwe."

"Nimekusikia, kaka."

"Na unajua mwenyewe watu wa redio anavyowaona. Sasa mama akianguka kwa sababu ya mapenzi yako, usinipigie simu. Utamnyanyua wewe."

Kitinda aliyaamini yote, na hilo la watu wa redio alilijua tangu utotoni. Baba yao alikuwa mtangazaji. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na siku moja sauti hiyo ikahamia mji mwingine na mwanamke wa studio hiyo hiyo, ikaacha nyumbani watoto wawili na kabati la mashati. Mama hakupiga yowe. Alikunja mashati yote, akayatia kwenye mfuko, akayatoa sadaka, kesho yake akaingia darasani kama kawaida kufundisha watoto umoja na wingi. Alifundisha lugha maisha yake yote. Hata alipokuwa anamchapa mtu, alikuwa anasahihisha kilio chake. Na Kitinda alipopata kazi ya utangazaji, mama alimtazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kazi ya redio fanya. Mume wa redio usiniletee."

Basi alasiri hiyo Kitinda alivaa hedifoni akijua mambo mawili. Akinyamaza, atampoteza Fundi. Akisema, huenda akamuua mama yake.

Taa nyekundu ikawaka.

"Wapenzi wasikilizaji, habari za alasiri," alisema, na sauti ikatoka nzuri, kwa maana sauti yake ilikuwa imezoea kumsaliti kwa kumfichia mambo. "Leo sina watu wengi. Nina watu wawili na mlango. Mume ni mpiga kengele, ameitwa vitani. Mke kasimama mlangoni. Kila mtu mjini anasubiri kengele ilie, na yeye mpiga kengele anatafuta namna ya kuondoka bila kuitazama nyumba yake."

Ng'ambo ya kioo Fundi alikuwa anapanga vitufe vyake. Hakunyanyua kichwa.

"Sasa najua mtaniuliza, Dada Opera, mbona hawa wanaimba wote wawili kwa wakati mmoja, nani anamsikiliza nani? Nami nilijiuliza hivyo hivyo nilipoanza. Kwetu watu wawili wakisema kwa pamoja, jirani hutoka nje kutazama aliyepigwa. Lakini tegeni sikio. Mume anaimba, naogopa kubaki. Mke anaimba, naogopa ukienda. Maneno yanagombana. Sauti zinapatana. Mimi nadhani opera ilibuniwa kwa ajili ya waoga, wapenzi wasikilizaji. Inampa mtu nafasi ya kusema lile ambalo angelisema kama asingekuwa anaogopa, na inampa fidla hamsini zimshike mkono."

Akatafuta mzaha, kama alivyofanya siku zote akikaribia pabaya.

"Na msiwahurumie sana. Kwenye opera mtu akichomwa kisu hafi. Ndiyo kwanza anaanza kuimba. Halafu kuna mahali katikati muziki utashuka mpaka mdhani redio zenu zimezimika. Msizipige makofi, hazijafa. Kuna mtu hapa ameshikilia kimya hicho kwa kidole chake, na..."

Hili la kidole hakulipanga. Lilitoka lenyewe. Fundi alinyanyua kichwa, macho yao yakakutana kwenye kioo, na ndani ya macho yale Kitinda aliona mlima, ukungu, na kiti kitupu. Santuri ilikuwa tayari. Kilichobaki ni yale maneno yake ya kila siku kabla ya muziki, ambayo angeweza kuyasema hata usingizini: msiende mbali, wapenzi wasikilizaji.

"Usiende," alisema.

Akasikia alichosema. Akataka kukirekebisha, akakiharibu zaidi.

"Usiende mbali."

Muziki ukaingia, taa nyekundu ikazimika, na Kitinda akabaki amekaa na mdomo wazi. Mtu yeyote angeweza kudhani ulimi umeteleza. Herufi moja tu. Lakini kila siku, saa hiyo hiyo, kwenye kiti cha sebuleni karibu na dirisha, kulikuwa na mwanamke mmoja mzee anayesikiliza kipindi tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, naye alikuwa amefundisha umoja na wingi mpaka akastaafu. Huyo asingedhani ulimi umeteleza. Huyo angejua kuwa binti yake ameacha kusema na watu, amesema na mtu.

Mlango wa studio ukafunguka. Fundi alikuwa amesimama hapo, anahema, na alikuwa hajawahi kuingia chumba kile muziki ukiwa hewani.

"Umesema," alisema.

"Fundi, rudi kwenye kiti chako."

"Ulisema na mimi au ulikosea?"

"Mama amesikia."

"Nakuuliza, Kitinda."

"Na mimi nakwambia mama amesikia! Anasikiliza kila siku! Ana ugonjwa wa moyo, kaka kasema asishtuliwe, na mimi nimemwambia hewani..." Alianza kutafuta simu chini ya majalada ya santuri, akaiangusha, akaiokota.

Hapo muziki ulikuwa umeshashuka. Mke wa mpiga kengele alikuwa anaomba kwa sauti ya mwisho kabisa, fidla moja inamfuata, halafu hata hiyo ikanyamaza. Na kwa kuwa kitufe hakikuwa na kidole, nchi nzima ikasikia sauti ya mwanamume mchangamfu ikipiga kelele: "Ukuta wako umechoka? Upake rangi leo!"

Fundi alishika kichwa, akakimbia. Kwa kawaida Kitinda angecheka mpaka machozi. Safari hii hakucheka. Alikuwa anasikiliza simu ya nyumbani inavyoita. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Mama alikuwa anapokea simu upesi kuliko mtu yeyote ambaye Kitinda alimjua. Aliiweka mapajani wakati wa kipindi, ili kikiisha ampigie bintiye na kumwambia kosa la leo. Kitinda alipiga mara ya tatu, akaanza kuongea na mlio wenyewe. "Mama, pokea. Mama, tafadhali. Nitaachana naye, pokea tu." Alisema hivyo kweli, kwa mdomo wake, na Fundi ng'ambo ya kioo, kidole kimerudi kwenye kitufe, aliona midomo ile ikisema. Huenda aliisoma. Alitazama pembeni.

Simu ikalia mkononi. Alikuwa kaka.

"Umemfanya nini mama?" alifoka.

"Yuko wapi?"

"Mimi ndiye nakuuliza! Nimekuja kumletea dawa zake. Mlango uko wazi. Redio inaongea peke yake. Glasi imeanguka, maji yako sakafuni. Mama hayupo!"

"Hayupo vipi? Umeangalia chumbani?"

"Nimeangalia chumbani, bafuni, uani. Jirani anasema kaona gari limemchukua. Gari gani, hajui. Kitinda, kama wamempeleka hospitali..."

Hakusikia malizio. Alijiona yuko kwenye korido nyeupe, anaambiwa na mtu asiyemfahamu asubiri kidogo. Alijiona anamnyanyua mama, kama alivyoambiwa, na mama ni mwepesi. Alikwenda kwenye kioo akakigonga kwa viganja vyote viwili.

"Mama kapelekwa hospitali," alisema, na kwa kuwa kioo hakipitishi sauti ilibidi afungue mlango na kusema tena. "Mama kapelekwa hospitali na sijui ipi. Muziki unakaribia kuisha. Siwezi kusema, Fundi. Nikifungua mdomo nitalia."

"Nenda."

"Nani atafunga kipindi?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe hujawahi kusema hewani hata jina lako."

"Basi nitababaika. Watanisamehe. Nenda kwa mama." Alikuwa amepauka. Alimtazama, na kila kitu alichotaka kumuuliza kilikuwa usoni, lakini hakukiuliza. "Mapenzi yangu yasikucheleweshe. Nenda!"

Kitinda alikimbia. Alishuka ngazi bila kushika ukuta, kiatu kimoja kikamvuka akakiacha hapo hapo, na njia nzima alikuwa anamwambia Mungu maneno yasiyo na mpangilio. Alifika chini, akasukuma mlango wa mapokezi, akasimama kama aliyegonga ukuta.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni.

Alikuwa amevaa khanga za nyumbani na ndala, na mguu mmoja ndala ilikuwa ya mtu mwingine. Mkono ulikuwa kifuani. Alikuwa anahema kwa shida, macho yamefumba, na dada wa mapokezi alikuwa anampepea kwa bahasha. Kipaza sauti cha ukutani kilikuwa kinatoa opera, mpiga kengele na mkewe wanaimba kwa mara ya mwisho.

"Mama!" Kitinda alipiga magoti, akamshika mikono yote. "Mama, ni moyo? Kunauma wapi? Dada, ita gari! Ita gari la hospitali!"

"Gari la nini?" Mama alifumbua macho. "Nimepanda ngazi zenu za nje, basi. Nani kajenga ngazi zile? Hebu niache nipumue."

"Kaka kasema moyo. Daktari kasema usishtuliwe..."

"Daktari?" Mama alimtazama kama anayetazama mtihani wa mtoto asiyesoma. "Daktari kasema nipunguze chumvi. Hayo ya kushtuka ni ya kaka yako. Tangu mdogo yeye ndiye mwenye kushtuka nyumbani."

Kitinda alitaka kucheka, akalia. Alilia kichwa kiko mapajani pa mama yake, katikati ya mapokezi, dada wa mapokezi anajifanya anapanga kalamu. Mama hakumbembeleza. Aliacha alie kidogo, halafu akamnyanyua kidevu.

"Sasa niambie. Umesema usiende."

Woga uliokuwa umeanza kumtoka ukarudi wote, mbio.

"Nilikosea, mama."

"Kosa la sarufi nalijua. Lile halikuwa kosa la sarufi." Alivuta pumzi. "Halafu likaingia tangazo la rangi katikati ya wimbo. Nikajua na yule mwenye kushikilia kimya kwa kidole kaacha kiti chake."

Mama aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ambayo bintiye hakuwahi kuisikia darasani wala nyumbani.

"Nikupe habari moja ambayo sijampa mtu. Siku moja nilikuwa napiga pasi mashati ya baba yako. Yeye alikuwa hewani. Siku zote alikuwa anasema, nawapenda wote mnaonisikiliza. Siku hiyo akasema, nakupenda unayenisikiliza. Hakubabaika hata kidogo, baba yako hakuwahi kukosea neno. Lakini mimi nilijua siyo mimi. Maana mimi asubuhi ile alikuwa hata hajanisalimia."

"Mama..."

"Nilizima redio. Nikaendelea na pasi. Aliporudi nilimpa chakula, sikumuuliza. Kesho sikumuuliza. Niliogopa jibu, Kitinda. Niliogopa mpaka akaondoka bila kuulizwa. Leo nilipokusikia, glasi iliniponyoka. Nikasema, mara hii siogopi. Mara hii nakwenda kuuliza. Nikasimamisha teksi, simu nikaisahau kitini." Alikuwa ameving'ang'ania vidole vya bintiye, kwa hiyo hilo la kutoogopa halikuwa kweli. "Ulikuwa unasema na nani?"

Ilikuwa rahisi kudanganya. Ilikuwa rahisi zaidi ya kitu chochote alichofanya siku hiyo. Kitinda alimtazama mama yake, ndala mbili zisizolingana, mvi zilizotoka chini ya kitambaa, na akaona kuwa akimdanganya mwanamke huyu leo atakuwa amemrudisha kwenye ile pasi.

"Na Fundi, mama," alisema. "Anayekaa kwenye kile kiti. Nampenda. Amechaguliwa kwenda mitambo ya mlimani, jibu anatoa leo, nami sikutaka aende, na nilikuogopa wewe."

Muziki ulikuwa umekwisha. Kwenye kipaza sauti cha ukutani kulisikika mtu anakohoa, kisha kitu kinaanguka, kisha sauti nene, isiyozoea, ikaanza kutembea kwa kupapasa.

"Wapenzi... wapenzi wasikilizaji. Dada Opera amepata... ana dharura ya nyumbani. Mimi ni fundi wa mitambo. Lile tangazo la rangi lilikuwa kosa langu, niliacha kiti. Samahanini. Kipindi... nadhani ndiyo kimekwisha. Kama mnajua kuomba, muombeeni mama yake. Mimi... basi. Ahsante. Ahsanteni."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea ukutani, kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto anayesoma kwa mara ya kwanza.

"Anaongea vibaya," alisema.

"Hajazoea, mama."

"Nasikia kwamba hajazoea."

Dakika chache baadaye mlango wa ngazi ulifunguka kwa kishindo. Fundi alitokea, kiatu cha Kitinda mkononi, akamwona mama yupo hai amekaa, akaganda. Alitazama kiatu kama hajui kimefikaje pale. Akakificha nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea nikuone."

Akasogea. Alikuwa mrefu, na mbele ya kile kiti akaanza kupungua.

"Jibu la mlimani umeshatoa?"

"Nimetoa, mama. Nimepita kwa mkuu sasa hivi. Nimesema siendi."

"Kabla hujajua mimi nitasema nini?"

"Kabla, mama. Hata ukinikataa, siendi. Nitakaa hapa hapa nikataliwe nikiwa karibu."

Kitinda aliuma mdomo. Mama alimpima yule mwanamume kuanzia nyusi mpaka vidole, akarudi kwenye nyusi. Dada wa mapokezi aliacha hata kujifanya anapanga kalamu.

"Mbona unatetemeka?" mama aliuliza.

"Nakuogopa, mama."

"Unaniogopa mimi?"

"Sana."

Mama alishusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, mkono wake ukatoka kifuani.

"Afadhali," alisema. "Aliyenioa mimi hakuniogopa hata siku moja."

Kisha akanyoosha mkono huo, siyo kwa bintiye, kwa Fundi, ili amnyanyue kitini.